Unampeleka mbwa kwenye chanjo, mbwa wa njiani wanakuvamia: ufanyeje, na jukumu ni la nani?

Siku ya chanjo ya mbwa ikitangazwa kijijini, kazi huwaangukia watoto. Baba yuko shambani, mama ana maji ya kuchota na chakula jikoni, basi anaitwa kijana wa darasa la nne au la tano, anapewa kipande cha kamba ya ng'ombe na kuambiwa ampeleke Simba pale shuleni akachomwe sindano. (Kwa nini karibu kila kijiji tunachofika kuna mbwa anayeitwa Simba, hilo tutaliweka kwa siku nyingine.) Kutoka nyumbani hadi shuleni huenda ni kilomita mbili au tatu. Njiani kuna miji kumi, na karibu kila mji una mbwa wake asiyefungwa.

Tangu tulipoanza kuzungumzia kichaa cha mbwa kwenye kipindi cha mchana, ujumbe mwingi mnaotutumia hauhusu ugonjwa wenyewe. Unahusu njia. Mnauliza: natembea na mbwa wangu kwenye njia ya watu wote, mbwa wa jirani wanatoka kwenye uzio, wanamrukia wangu, mimi nimeshika kamba katikati, nifanye nini? Wengine mnauliza nani alipe nikiumwa. Na wapo waliotuandikia kwa kifupi tu kwamba mwaka jana mbwa wao alipigwa njiani, mtoto akarudi analia, na mwaka huu hawampeleki tena.

Huo ujumbe wa mwisho ndio uliotufanya tuandike makala haya. Mbwa anayezurura njiani tumezoea kumwona kama kero ya wapita njia. Lakini akimfanya mwenye mbwa mwingine akate tamaa ya kwenda kwenye chanjo, kero hiyo inageuka kuwa jambo la uhai wa watu.

Tunazungumzia ugonjwa gani

Kichaa cha mbwa husababishwa na kirusi kinachoishi kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Kinaingia mwilini kupitia jeraha la kuumwa, mkwaruzo, au mate yakigusa kidonda kibichi, jicho au mdomo. Kisha kinasafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni. Safari hiyo kwa binadamu huchukua mara nyingi miezi miwili au mitatu, wakati mwingine wiki chache tu, wakati mwingine mwaka. Dalili zikishaanza, mgonjwa kuogopa maji, kuweweseka, kushindwa kumeza, hakuna dawa ya kumrudisha. Karibu wote hufa.

Duniani kote makadirio ni vifo takriban 59,000 kwa mwaka, vingi Afrika na Asia, na mbwa ndiye chanzo cha hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu. Kati ya kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huu, wanne ni watoto chini ya miaka 15. Hao hao tunaowapa kamba.

Kwa Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulihesabu majeraha ya kuumwa na mbwa na kukadiria vifo karibu 1,500 kwa mwaka, idadi inayoweza kufika mara 100 ya ile iliyokuwa kwenye taarifa rasmi. Tofauti hiyo kubwa si ya kushangaza kwa anayekaa kijijini. Mtu akifia nyumbani, mbali na hospitali, baada ya wiki ya kuweweseka, wengine watasema amerogwa, wengine malaria imepanda kichwani. Kifo kinazikwa bila kuandikwa popote, na kisichoandikwa hakipangiwi bajeti.

Mbwa hao ni wa nani?

Tukiwauliza watu, jibu huwa lile lile: "Ni mbwa koko, hawana mwenyewe." Tafiti zilizofanyika kwa miaka mingi kwenye vijiji vinavyozunguka Serengeti zinasema vingine. Mbwa wengi sana wanaoonekana njiani wana nyumba. Wana mtu anayewatupia mabaki ya ugali, wana boma wanalolinda usiku, wana jina. Mchana wanaachwa wajitafutie. Kwenye jalala la soko utamwona mbwa ukadhani hana kwao, kumbe jioni atarudi kwa mzee fulani nyuma ya mashine ya kusaga.

Jambo hili linabadilisha mjadala mzima. Kama mbwa wa njiani hana mwenyewe, basi ni kazi ya serikali na hatuna la kufanya. Kama ana mwenyewe, basi kuna mtu wa kuzungumza naye, tena unamjua, mmekaa naye msibani wiki iliyopita. Na mbwa mwenye mwenyewe anaweza kushikwa na kuchanjwa.

Tunawaelewa wanaowaachia. Mbwa wa kijijini ana kazi. Analinda mahindi dhidi ya ngedere na nyani, anafuatana na wachungaji malishoni, anabweka mwizi akikaribia zizi. Ukimfunga mchana na usiku hafanyi kazi hizo, na kumjengea banda kunahitaji mbao ambazo hata banda la kuku halijapata. Kwa hiyo hatutasema kila mbwa afungwe minyororo mwaka mzima, hakuna atakayetusikiliza. Lakini kumfunga siku moja, ile ya chanjo, kuanzia alfajiri hadi watu wamalize kupita? Hilo hatuoni kwa nini lishindikane.

Kwa nini anayevamiwa ni aliyefungwa kamba

Mbwa anajua mpaka wa mji wake kuliko sisi tunavyojua mipaka ya mashamba yetu. Mtu akipita, atabweka kidogo na kunyamaza, maana watu hupita kila siku. Mbwa mgeni akipita ni habari nyingine. Na mbwa mgeni aliyefungwa kamba ana shida ya ziada: hawezi kuzungumza lugha ya mbwa. Mbwa wawili wanaokutana wakiwa huru hukaribiana kwa kuzunguka, hunusana, mnyonge hushusha mkia, akaondoka. Aliyefungwa hawezi kuzunguka wala kuondoka. Mtoto naye kwa hofu anavuta kamba, kamba inakaza, kichwa cha mbwa kinanyanyuka, na kwa wale wengine hiyo ni dalili ya kutaka ugomvi. Hapo vita vinaanza.

Ongeza jambo moja: mbwa wengi wa kijijini huwekwa kamba siku hiyo moja tu kwa mwaka. Anakuwa na hofu ya kamba yenyewe kabla hata ya kukutana na mwingine. Ndiyo maana tunashauri kamba ianze kutumika nyumbani wiki moja au mbili kabla. Mfunge wakati wa kula, mtembeze kuzunguka uwanja, mpe kipande cha chakula akitulia. Asiwe anajifunza njiani.

Na jike likiwa kwenye joto usilipitishe njia ya watu wengi. Madume yatakufuata kundi zima na hakuna fimbo itakayotosha. Mweleze afisa mifugo, aje nyumbani au akupangie saa ya mwisho.

Ukiwa njiani

Kwanza, ampeleke mtu mzima au kijana mwenye nguvu. Mtoto wa miaka minane akishika mbwa mkubwa, mbwa ndiye anayemtembeza. Kama hakuna mtu mwingine, basi waende wawili, mmoja ashike kamba, mwingine atangulie na fimbo na kuwaita wenye miji: "Hodi, shikeni mbwa wenu, tunapita." Sentensi hiyo moja, ikisemwa mapema na kwa sauti ya heshima, imewaokoa watu wengi kuliko mawe. Mama aliye jikoni akisikia atatoka, na mbwa humsikiliza anayemlisha.

Kamba isizungushwe mkononi. Hili tunalisisitiza kwa sababu watoto hupenda kuizungusha kwenye kiganja au kuifunga kiunoni ili mbwa asiponyoke. Vita vikianza, mtoto anaburutwa hadi katikati ya meno. Ishikwe kwa namna ambayo ukifungua vidole inatoka. Na mtoto aambiwe wazi kabla ya kuondoka: mbwa wakikuvamia, achia kamba, usimwokoe mbwa. Watoto wengi wanaumwa kwa sababu wanaogopa kugombezwa nyumbani wakirudi bila Simba. Mwondolee hofu hiyo mapema. Simba anajua njia ya nyumbani.

Ukiona mbwa wamesimama mbele, usipite katikati yao. Zunguka, hata kama ni kupitia pembeni mwa shamba la mtu, utamwomba radhi. Ukishindwa kuzunguka, simama. Mweke mbwa wako nyuma yako, kamba ikiwa fupi lakini isiyokazwa, geuka ubavu kidogo, usiwakodolee macho wale wengine. Fimbo iwe chini, mbele yako, kama uzio kati yako nao. Usiiinue juu kwanza. Fimbo iliyoinuliwa humfanya mbwa mwoga akimbie lakini mkali humwongezea hasira. Kuinama kana kwamba unaokota jiwe hufanya kazi kwa mbwa wengi wa kwetu, maana mawe wameyaonja. Lakini usitegemee hilo peke yake, na tutaeleza hapa chini kwa nini.

Usikimbie. Mwenye baiskeli ashuke, aiweke baiskeli kati yake na mbwa. Mbwa mdogo usimwinue mikononi. Wale wengine watamrukia yeye, na uso wako uko pale pale alipo.

Vita vikishaanza usiingize mkono. Hata mbwa wako mwenyewe, aliyekula mkononi mwako asubuhi, atakuuma bila kujua ni wewe. Ndoo ya maji ikimwagwa juu ya vichwa vyao huwatenganisha mara nyingi, kelele za debe au sufuria pia. Kama hakuna maji wala debe, ngoja. Ugomvi mwingi wa mbwa una kelele kuliko majeraha na huisha upesi.

Yule asiyeogopa jiwe

Haya yote yanahusu mbwa wazima wanaolinda mji wao. Mbwa mwenye kichaa ni jambo tofauti, na lazima uweze kumtofautisha. Yeye hana mpaka anaoulinda. Anaweza kuwa ametoka kijiji kingine, hakuna anayemjua. Anatembea ovyo, anauma vijiti, mawe, ng'ombe, chochote. Mate yanamtoka, sauti yake imebadilika kama ya aliyekabwa. Ukiinama kuokota jiwe hashtuki. Wengine hawawi wakali kabisa: wananyong'onyea, taya la chini linaning'inia, wanajificha gizani, na mtu mwenye huruma anadhani wamekwamwa na mfupa, anaingiza mkono kinywani. Usiingize.

Ukimwona mbwa wa namna hiyo, ondoka, waonye walio mbele na nyuma yako, kisha mpigie simu mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji au afisa mifugo. Siku hiyo watoto wasiende shule kwa njia ile bila mtu mzima.

Akikuuma, au akimuuma mtoto, acha maneno yote. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Sabuni yoyote, ya mche, ya unga, itafaa, kwa sababu sabuni inakiharibu kirusi chenyewe. Dakika 15 ni ndefu kuliko unavyofikiri; tumia saa ya simu. Usipake mafuta ya taa, majivu, pilipili wala majani. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo. Zahanati nyingi za vijijini hazina chanjo hii, kwa hiyo uliza kwanza kwa simu iko wapi, usije ukamaliza nauli kwenye kituo kisichokuwa nayo. Sindano ni zaidi ya moja na zina tarehe zake. Ukikatisha katikati umejiweka hatarini.

Kama aliyekuuma ni mbwa anayejulikana na anaonekana mzima, asiuawe. Afungwe na aangaliwe kwa siku 10. Mbwa aliyekuwa na kirusi kwenye mate siku aliyokuuma atakuwa ameugua au kufa ndani ya siku hizo. Akibaki mzima, ni habari njema kwako. Ukimuua siku ya kwanza kwa hasira, umejinyima jibu hilo. Lakini kusubiri siku 10 hakuondoi safari ya kwenda kituo cha afya. Mhudumu ndiye atakayeamua kuhusu sindano.

Na mbwa wako aliyeng'atwa kwenye ugomvi? Usimshike kwa mikono mitupu, mate ya yule mwingine yako kwenye manyoya yake. Vaa mifuko ya plastiki mikononi, muoshe kwa sabuni, mpeleke kwa afisa mifugo na useme ukweli wote. Kama alishachanjwa zamani, huongezewa dozi na kuangaliwa. Kama hakuwahi kuchanjwa na aliyemuuma anashukiwa kuwa na kichaa, sindano ya leo haifuti kilichoingia jana. Atahitaji kufungwa na kuangaliwa kwa miezi, si kwa siku, na wakati mwingine uamuzi huwa mgumu zaidi ya huo.

Sheria iko upande gani

Wengi mnadhani sheria haina habari na mbwa. Inayo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inamhesabu kuwa na kosa mtu ambaye, kwa uzembe unaoweza kumdhuru mwingine, anaacha kuchukua tahadhari dhidi ya hatari ya mnyama aliye mikononi mwake. Haijalishi kama mnyama huyo ni mbwa wa kizungu mwenye mkanda shingoni au Simba wa kamba ya katani. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003 inahusu kuzuia magonjwa kama haya, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inakataza kumtesa mnyama, jambo linalomhusu pia anayemfunga mbwa juani kutwa bila maji kisha akashangaa kwa nini amekuwa mkali.

Tuseme wazi, hata hivyo: tunaishi kijijini. Kumpeleka jirani polisi kwa sababu ya mbwa ni njia ya mwisho, na mara nyingi gharama yake inazidi fidia. Njia inayotumika kidogo mno ni sheria ndogo. Halmashauri ya kijiji ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, zikajadiliwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji na kupitishwa na halmashauri ya wilaya. Vijiji vingi vina sheria ndogo ya mbuzi wanaoingia shambani, ina faini na kila mtu anaijua. Ya mbwa utaisikia kwa nadra. Mbuzi anakula mahindi ya mtu na kikao kinaitishwa jioni, mbwa anamuuma mtoto na tunaambiana "pole, ndivyo mbwa walivyo."

Sheria ndogo hiyo haihitaji kuwa ndefu. Ingetosha ikisema kwamba siku ya chanjo mbwa wote wawe wamefungwa hadi watakapopelekwa, na kwamba mwenye mbwa aliyemuuma mtu njiani agharamie nauli na matibabu ya mwanzo. Halafu muone.

"Si tuwaue tu?"

Pendekezo hili hutufikia kila mara, na linatoka kwa watu wenye uchungu wa kweli. Mzazi aliyempoteza mtoto hatumwambii atulie. Ila tukiliangalia kama mpango wa kijiji, halifanyi kazi, na limeshajaribiwa. Kisiwa cha Bali huko Indonesia kilipata kichaa cha mbwa mwaka 2008, mbwa wengi wakauawa, ugonjwa ukaendelea kusambaa; vifo vya watu vilianza kushuka pale walipochanja mbwa kisiwa kizima. Sababu ni rahisi. Ukiua mbwa leo, mwenye boma anahitaji mlinzi, atachukua mtoto wa mbwa kijiji cha pili, asiyechanjwa, pengine akiwa tayari na ugonjwa. Wengine watawaficha wa kwao porini. Na sumu haichagui: inaua aliyechanjwa na asiyechanjwa, inaua kuku, inaweza kumpata mtoto.

Mbwa aliyechanjwa ni ukuta. Mbwa mwenye kichaa akimuuma huyo, ugonjwa unaishia hapo. Kwa wastani mbwa mgonjwa mmoja huambukiza mbwa wengine wachache tu, kati ya mmoja na wawili. Ndiyo sababu si lazima kumfikia kila mbwa. Ukichanja asilimia 70, mgonjwa anakutana na kuta nyingi kuliko milango. Lakini mbwa wa kijijini hawaishi muda mrefu na watoto wapya huzaliwa kila msimu, kwa hiyo ukuta unabomoka usipojengwa tena kila mwaka. Watoto wa mbwa nao wachanjwe. Kuwaacha kwa kusema "bado mdogo" ni kuacha pengo kubwa.

Mfano wa karibu yetu ni Pemba. Chanjo ya kisiwa kizima ilianza 2010, wagonjwa wakapungua mwaka hadi mwaka, na kufikia Mei 2014 ugonjwa ulikuwa umetoweka. Kisha chanjo ikalegea. Mwishoni mwa 2016 ugonjwa uliingizwa tena kisiwani mara mbili, ukawaka upya. Chanjo ikarudishwa kisiwa kizima na Oktoba 2018 ukazimwa tena. Hatuhitaji ushahidi mwingine kwamba inawezekana, wala mwingine kwamba kulegea kunalipwa.

Kwa nini mbwa ndiye atembee?

Hapa tunafika kwenye swali ambalo, kwa maoni yetu, viongozi hawaulizwi vya kutosha. Tumeeleza jinsi ya kushika kamba, kusimama, kuachia. Lakini tatizo la njia linatokana kwanza na umbali. Kituo kimoja kwa kijiji kizima, kwenye josho au uwanja wa shule, siku moja kwa mwaka. Wa kitongoji cha mbali anatembea kilomita nyingi na mbwa asiyezoea kamba, na akikosa siku hiyo kwa sababu ya mvua au msiba, anasubiri mwaka mzima. Si ajabu kwamba kadiri nyumba ilivyo mbali na kituo, ndivyo mbwa wake anavyokuwa na nafasi ndogo ya kuchanjwa.

Sababu iliyokuwa ikitolewa ni barafu: chanjo lazima ikae kwenye friji, friji iko wilayani, gari linakuja na kurudi jioni. Sababu hiyo sasa ina nguvu ndogo. Utafiti uliochapishwa 2016, uliofanyika hapa Tanzania, ulionyesha kwamba aina moja ya chanjo ya mbwa inayotumika sana ilibaki na nguvu yake baada ya kukaa miezi 6 kwenye joto la nyuzi 25, au miezi 3 kwenye nyuzi 30. Si kila chanjo iko hivyo, na afisa mifugo lazima afuate maelekezo ya aliyonayo. Lakini mkoani Mara watafiti walikwenda hatua zaidi: walitengeneza vyungu vya udongo vinavyopozwa kwa maji, mtungi wa bibi kwa kweli, wakahifadhi chanjo vijijini humo humo. Afisa mifugo akisaidiwa na wanakijiji akawa anachanja kitongoji kwa kitongoji, mwaka mzima. Mfumo huo ulipolinganishwa na ule wa timu inayokuja mara moja kwa mwaka, ulichanja mbwa wengi zaidi.

Chanjo ikija chini ya mwembe wa kitongoji, safari ni ya dakika tano, mbwa unaokutana nao ni wa majirani unaowaita kwa majina, na mtoto hapiti miji kumi. Kwa hiyo mkutano wa kijiji ujao, akisimama diwani au mtendaji, mnaweza kumuuliza mambo matatu ya wazi. Halmashauri imetenga kiasi gani kwa chanjo ya mbwa mwaka huu? Kwa nini kituo ni kimoja? Na wale waliokosa siku hiyo, watachanjwa lini? Mashirika ya kimataifa ya afya na ya mifugo yameweka lengo la kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Lengo hilo kijijini linaanzia kwenye majibu ya maswali hayo.

Ikiwa kwenu tarehe imeshatangazwa, mwulizeni afisa mifugo wa kata saa ya kuanza na kama anaweza kupanga vitongoji kwa zamu, ili kundi la mbwa 100 lisijazane uwanjani saa mbili asubuhi. Anza kumzoesha mbwa wako kamba leo. Mwambie jirani afunge wa kwake. Ukipewa kadi ya chanjo, iweke kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi za kliniki za watoto. Siku mbwa akimuuma mtu, hiyo kadi ndiyo mhudumu wa afya atakayoiulizia kwanza.